Maji ya Darasa la Tatu

Nilipopangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kijijini upande wa Mkunya, nilipanda lori la mizigo nikiwa na sanduku, godoro na majivuno ya kutosha. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Maduka ya Masasi yalikuwa yamefurika sabuni za kila rangi, na mimi nilijinunulia blauzi ya mtumba yenye vifungo vya kung'aa ili nionekane mwalimu kabla sijawa mwalimu. Chuoni walikuwa wamenisifu sana kwa maandalio yangu ya somo. Kuhusu maji hakuna aliyenifundisha, na mimi mtoto wa Lukuledi, niliyekulia karibu na mto, sikuona kama kuna cha kufundishwa.

Somo langu la kwanza la sayansi, darasa la tatu, lilihusu vitu vinavyoelea na vinavyozama. Niliwaagiza watoto waje kila mmoja na kikombe cha maji. Walikuja wakitembea polepole, vikombe vimefunikwa kwa majani. Tukajaza beseni. Tukatumbukiza msumari, kizibo, kijiti na korosho. Korosho moja ikazama, nyingine ikaelea, na mtoto mmoja akanieleza kwamba baba yake hupanda zile zinazozama tu. Nilifurahi kupita kiasi. Kengele ilipolia nikabeba beseni hadi mlangoni na kuyamwaga maji yote nje.

Msichana mdogo wa dawati la mbele akatoka, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo mwekundu uliolowa, kisha akanitazama. Mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani bado anachunguza.

Somo lililofuata niliagiza maji tena. Hakuna aliyeleta hata tone.

"Tumesahau, mwalimu," walisema wote kwa pamoja.

Nikafoka. Mimi ni mwepesi wa kufoka, wanangu watawaambia. Niliwaita wavivu. Kilichonitisha zaidi ni kwamba mkufunzi wa chuo alikuwa anakuja Alhamisi kunipima, na somo la siku hiyo lilikuwa kuchuja maji. Kama ningefeli ningerudia mwaka, na baba yangu alikwishasema hatanipeleka chuoni mara ya pili.

Jioni nilikwenda kulalamika kwa bibi jirani yangu. Alikuwa anatwanga kisamvu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mbona uso umevimba?"

Nikamweleza. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akaegemeza mchi.

"Yale maji uliyomwaga, unajua yalitoka wapi?"

"Kwao."

"Kwao hakuna maji. Bomba la hapa linakohoa tu. Maji yako bondeni. Watoto wale walikosa kuoga ili wewe upate kikombe chako. Yule mdogo wa mbele ni mjukuu wangu. Alirudi akaniambia, bibi, mwalimu kayamwaga."

"Na mtungi wangu, bibi? Kila asubuhi naukuta umejaa."

"Unadhani unajazwa na nani kama si watoto hao hao?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilimwomba anipitie atakapokwenda kuteka.

Alhamisi tuliteremka alfajiri, mimi, yeye na wanawake wengine sita. Kushuka kulikuwa na porojo na utani, mwingi wao juu yangu. Kupanda, mimi nilikoma kuongea. Bibi, mwenye umri wa kunizaa mara mbili, alikuwa mbele na ndoo yake imetulia kichwani, huku yangu ikinimwagikia mgongoni. Kifungo kimoja cha blauzi kilibaki kwenye mteremko ule. Nilipofika shuleni ndoo ilikuwa nusu, na watoto waliokuwa wakifagia uwanja wakaacha mifagio.

"Niliwakosea," niliwaambia. "Kumwaga maji nilikosea, na kuwaita wavivu nilikosea zaidi."

Walicheka, kwa sababu hata viatu vyangu vilikuwa vinatoa maji.

Saa nne mkufunzi alikaa nyuma ya darasa na daftari lake. Watoto walikuwa wameleta mchanga, mkaa na kokoto bila kuagizwa mara mbili. Tukavipanga ndani ya kopo la mafuta lenye tobo chini, tukakoroga udongo kwenye maji, tukayamimina juu. Tulingoja. Tone la kwanza lilipodondoka safi kwenye beseni, watoto walipiga makofi, na mimi nikasahau kuwa napimwa.

Somo lilipokwisha mkufunzi, mtu muungwana, akaja kunisaidia kukusanya zana. Akainua beseni akaelekea nalo mlangoni. Darasa zima lilisimama. Yule msichana wa mbele akamkimbilia, akaziba mlango kwa mikono yote miwili, halafu akakumbuka adabu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Usimwage. Mwalimu wetu kayafuata bondeni."

Mkufunzi alinitazama, akatazama blauzi yangu iliyokosa kifungo, akanirudishia beseni. Nilifaulu, lakini alama zenyewe nimekwishazisahau. Nakumbuka kwamba niliinama nikijifanya napanga kokoto, ili watoto wasione machozi.

Yale maji tulinawia uso, mmoja baada ya mwingine, kuanzia kwa yule msichana. Mimi nilikuwa wa mwisho, na yalikuwa yamebaki ya kulowesha vidole tu.