Koti la Baba Mkwe

Naomba niseme mwenyewe kabla wenzangu hawajanitangulia. Nafanya usafi katika chuo kimoja hapa Mbeya, na mlinzi wa chuo hichohicho ni baba mkwe wangu. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Basi kila siku nakwepa, nazunguka, najificha. Nimechoka!

Jana naingia maabara kufagia, namwona amesimama dirishani, amenipa mgongo, na koti lake la kaki na kofia yake ya sufu. Nikazama chini ya meza. Nusu saa nzima hasogei, hata kukohoa hakohoi! Wageni wanakuja, sakafu chafu, magoti yananiwaka moto.

Mara mwalimu akaingia na wageni wake. "Huyu ndiye roboti wetu wa utafiti. Wanafunzi wamemwazimia koti na kofia vya mlinzi, eti anasikia baridi." Kisha akainama. "Mama Tumaini, unafanya nini humo?"

"Namkimbia mkwe," nikajibu kabla sijafikiri.

Wageni wakageuka kutazama mlangoni. Mkwe mwenyewe alikuwa hapo, hana koti wala kofia, anatetemeka, uso kaugeuzia ukutani.