Bastola Iliyokataa Kulia Jikoni kwa Orrin

Saa moja kasoro robo asubuhi, Lorraine Pelkey anavaa miwani ya plastiki, anavuta boksi la kwanza na kuchana utepe kwa kisu kifupi. Ndani ya sponji kuna rivolva mpya, bado inanukia mafuta ya kiwandani. Anauelekeza mtutu wake kwenye pipa la mchanga, anafungua silinda, anahesabu matundu matano. Yote matupu.

"Kila mtu anaapa haina risasi," anasema bila kuinua macho. "Wiki iliyopita mbili zilikuja nazo. Moja ilitoka kwa mchungaji."

Lorraine ana miaka 57. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mpokeaji wa mizigo katika karakana ya matengenezo ya kiwanda kimoja cha bastola, kwenye mji mdogo wa New Hampshire uliojaa theluji hadi Aprili. Maboksi yapatayo sitini hupita mikononi mwake kila siku, mengi yakiwa ya bastola ambazo hazijatimiza hata mwaka. Skrubu imelegea, silinda imegoma kuzunguka, rangi imebambuka. Mwenye mali anajaza fomu ya dhamana, anairudisha silaha kwa walioitengeneza, na baada ya wiki tatu inamrudia ikiwa nzima.

Si mwanamke wa kuogopa bunduki. Baba yake alimfundisha kuwinda paa akiwa na miaka kumi, na yeye mwenyewe ana bastola kwenye droo ya kitanda. Mumewe, Gil, humtania kwamba mke wake ndiye muuguzi pekee ambaye wagonjwa wake wote wana uwezo wa kuua.

Kwa muda wote huo, kwenye zile fomu alikuwa akisoma vitu viwili tu: jina na namba ya bastola. Mengine yalikuwa kazi ya mafundi.

Jumanne moja ya Februari mwaka jana ilikuja fomu iliyoandikwa kwa penseli. Maandishi yalikuwa hafifu mno, ikambidi aisogeze dirishani ili aione namba. Macho yake yakateleza hadi chini, kwenye sehemu inayomtaka mteja aeleze hitilafu.

Mteja alikuwa ameandika: "Haikulia. Nilivuta kifyatulio mara mbili." Palipouliza silaha ilitumika wapi, alijibu: "Jikoni." Palipouliza ilikuwa imelenga nini, aliandika neno moja: "Mimi." Na chini kabisa: "Tafadhali itengenezeni, safari hii iwe ya uhakika. Samahani kwa usumbufu."

Lorraine anasema alisimama pale dirishani asijue amesimama kwa muda gani. Alisoma tena, akidhani amekosea, kisha akasoma mara ya tatu.

"Lile 'samahani kwa usumbufu' ndilo lililonimaliza," anasema. "Mtu anaomba radhi kwa kutusumbua. Sisi."

Aliipeleka fomu kwa msimamizi. Yule bwana alisoma akabadilika rangi, akafunga mlango, akapiga simu kwa wanasheria wa kampuni. Jibu lilipokuja halikumpendeza hata yeye: suala lingepelekwa kwa kamati, kamati ingekutana Ijumaa, na hadi hapo bastola ni mali ya mteja, ipewe namba iingie foleni.

Lorraine hakuipa namba. Aliifungia kwenye kabati, na saa sita mchana akaenda kukaa ndani ya gari lake kwenye maegesho. Simu ya mteja ilikuwa imeandikwa kwenye fomu. Aliipiga akiwa hana hata sentensi moja kichwani.

Ilipokelewa kwa mlio wa tatu. Mwanamume, sauti nzito, ametulia.

"Unapiga kutoka kiwandani? Imeshapona?"

"Bado, bwana. Mimi ndiye niliyefungua boksi. Nimeisoma fomu yako."

"Nilidhani zinasomwa na mashine," mwanamume akasema.

Anaitwa Orrin, ana miaka 66, na ametukubalia tumtaje kwa jina hilo moja. Anaishi Idaho, upande wa pili wa nchi, kwenye shamba la ng'ombe ambalo lilikuwa limebaki bila ng'ombe. Mkewe alifariki Novemba. Januari aliuza mifugo, na baada ya hapo, anasema, hapakuwa na kitu cha kumwamsha asubuhi. Bastola aliinunua kwa ajili hiyo tu.

Alipozungumza nami kwa simu hakuficha kitu. Alisema ilipogoma alikasirika kama mtu aliyeuziwa mashine mbovu, na kwa hasira hizo akatafuta karatasi ya dhamana. "Nimekuwa mkulima maisha yangu yote," alisema. "Kitu kikiharibika, unakirudisha."

Siku ile waliongea dakika hamsini. Lorraine hakumhubiria. Alimuuliza habari za mkewe, akamsikiliza. Alimuuliza ndugu yake wa karibu ni nani, akamtajia dada yake, Verna, mwendo wa saa moja kutoka pale. Akaiomba namba ya Verna. Orrin alikataa mara mbili.

"Mama, wewe kazi yako ni maboksi," alimwambia.

"Ndiyo. Na hili lako silifungi mpaka unipe namba."

Akampa. Lorraine akampigia Verna papo hapo. Kabla jua halijatua dada yule alikuwa ameshafika, na usiku ule Orrin hakulala peke yake. Kesho yake Verna alimpeleka kwa daktari.

Huku kiwandani, baada ya kamati kuruhusu ichunguzwe, fundi Duane Marcotte aliifungua ile rivolva. Skrubu inayobana springi ya nyundo haikukazwa, kwa hiyo nyundo ilikuwa ikiigusa risasi bila nguvu za kuilipua. Kadi iliyokuja na bastola ilikuwa na sahihi ya aliyeiunganisha. Ilikuwa sahihi yake Duane.

Alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na mbili. Aliitia saini, kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi, kwenye baridi, bila koti.

"Kosa langu," aliniambia.

Mwezi wa Aprili iliingia barua ya Orrin, safari hii kwa wino, akiomba bastola isitengenezwe wala isirudishwe. Kiwanda kiliivunja mbele ya mashahidi wawili. Lorraine alikuwa mmoja wao.

Tangu hapo anasoma kila fomu hadi mstari wa mwisho. Ameshawapigia watu wengine watatu waliomtia wasiwasi. Mmoja alilia. Mmoja alikuwa mama wa Georgia ambaye kumbe alikuwa akipambana na panya buku wa stoo, akacheka mpaka akakohoa. Wa tatu hakupokea, na polisi wa mji wake walipokwenda walikuta nyumba imehamwa. Huyo Lorraine hajui habari zake hadi leo, na anasema humjia akiwa anaosha vyombo.

Ameiomba kampuni ichapishe namba ya simu ya msaada juu kabisa ya fomu. Ameomba mara nne. Ameambiwa linafanyiwa kazi.

Agosti atachukua likizo ya wiki mbili. Yeye na Gil wataendesha gari siku nne hadi Idaho, yeye ambaye hajawahi kuvuka jimbo la New York. Orrin amenunua ndama kumi na mmoja na ameshamwonya kwamba mgeni kwake hapumziki, anakwenda kutokwa jasho.

Nilimuuliza amepanga kumwambia nini watakapoonana uso kwa uso. Lorraine alikiweka kisu chini, akafikiri.

"Nitamwacha aongee yeye," alisema. "Mimi nataka tu nimwone anavyozeeka."