Matembezi ya Shangazi Halima

Haikuwa usiku, na sikuwa mgonjwa. Nakuambia mapema kwa sababu kila niliyemsimulia alianza kwa kunishika paji la uso. Ilikuwa Jumamosi saa saba mchana, hapa Birmingham, jua limewaka na mji umejaa watu.

Shangazi Halima, aliyenilea Garissa baada ya mama kufariki, alikuwa amekuja kunitembelea kwa wiki mbili. Siku hiyo tulitoka kwangu Sparkbrook nikamtembeze mjini. Tulianzia kwa yule fahali wa shaba karibu na soko, ambaye kila mgeni lazima apige naye picha. Shangazi akamzunguka, akamkagua kama mnunuzi mnadani. "Amenona," akasema, "lakini miguu mifupi."

Nyuma yetu mtu akaita, "Hooyo!" Yaani mama, kwa Kisomali.

Alikuwa Idris, mwanawe wa pekee.

Sasa nisikilize vizuri. Idris aliondoka nyumbani miaka mitano nyuma, akiwa na miaka kumi na tisa. Alipitia Libya, kisha simu zake zikakatika. Mimi nilijua amekufa. Jamaa mmoja anayeoka mikate hapa Ladypool Road alikuwa naye kwenye mashua ya kuvukia bahari, alimwona akizama. Aliniambia, na mimi sikumwambia shangazi. Kila akipiga simu nilimjibu, "Tuzidi kuomba dua." Ningemwambiaje mama jambo kama hilo kwa simu? Ndivyo nilivyojidanganya, miaka miwili mizima.

Shangazi alimrukia, akalia mpaka mtandio ukaanguka. Yule aliyesimama mbele yangu bado alikuwa na miaka kumi na tisa, hata ndevu hazijaongezeka. Mpita njia akatupiga picha sote watatu kwa simu yangu. Ninayo mpaka leo: shangazi anatazama simu, yule kijana ananitazama mimi.

"Njoo, mama, nikuonyeshe mji," akasema.

Akatutembeza. Maktaba kuu tulipanda hadi bustani ya juu ghorofani, akamwonyesha mji wote kwa kidole. Kisha vile vijumba vya zamani vya mafundi, vilivyojengwa mgongo kwa mgongo. Njiani alimkumbusha jina la mbuzi wao, na wimbo ambao shangazi alimwimbia alipougua surua utotoni. Shangazi alicheka kama msichana. Wallahi, ningeweza kusema neno. Mbona sikusema? Sikuwahi kumwona na furaha ile. Tena niliogopa ataniuliza nimejuaje.

Tukafika Gas Street, kwenye mfereji wenye mashua za rangi rangi. Shangazi akamshika mashavu. "Mbona hukunipigia hata mara moja, baba?"

Yule kijana akacheka.

"Mimi si Idris. Idris alikufa majini, akikuita. Nilitaka tu kuona utanikumbatia mara ngapi." Akahesabu kwa vidole, bila haraka. "Saba."

Shangazi akadhani ni mzaha. Akamvuta tena kifuani.

"Nane," akasema. "Kama huamini, muulize mtoto wa kaka yako. Huu mwaka wa pili anajua."

Akajitoa mikononi mwake, akavuka daraja taratibu, mikono mfukoni, kama mtu aliyemaliza zamu yake ya kazi. Nilimkimbilia. Ng'ambo palikuwa na mzee na mkewe wakila chipsi, basi.

Niliporudi, shangazi alikuwa ameketi chini kwenye matofali. Hakuniuliza yule alikuwa nani, wala ameenda wapi. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ni kweli ulijua?"

Nikasema ndiyo.

Alibadilisha tiketi, akaondoka siku ya pili yake. Ni mwaka sasa. Nikipiga simu Garissa, jirani ndiye anayepokea, na nyuma yake namsikia shangazi mwenyewe akisema, "Mwambie nimekufa."

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama umemficha mtu msiba wake, nenda kamwambie leo, kwa mdomo wako. Mlie pamoja. Ukichelewa, wapo watakaomwambia kwa niaba yako, na wao hawatalia.