Nyoka wa Kijani Kwenye Mkorosho wa Mama

Walisema sitaweza. Mjomba wangu, kakake mama, alisema nikienda Arabuni nitarudi na redio na kikohozi. Nilirudi na pesa za kujenga nyumba ya vyumba vinne hapa Kinondo, kwenye kiwanja cha baba, kisha nikajilipia diploma ya kuongoza watalii nikiwa mtu mzima, darasani na watoto wa juzi. Diploma hiyo nimeitundika sebuleni, juu kidogo ya televisheni, mgeni asipate shida kuiona.

Asubuhi moja mama, ambaye anaishi nami, alitoka jikoni akasema taratibu, "Mwanangu, kuna mgeni kwenye mkorosho."

Nilitoka mbio kwa furaha. Hii ndiyo kazi niliyoisomea. Tawi la mkorosho ule linalalia bati la jikoni, na juu yake nikauona mkia wa kijani ukiteleza kuingia majanini.

Mjomba, anayekaa nyumba ya pili, alifika na shoka kabla sijavaa viatu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Huyo ni yule wa kijani mwenye sumu. Akikuuma asubuhi, adhuhuri huioni. Mti unakatwa leo."

Mama alikaa kitako kwenye kibaraza. Mkorosho ule aliupanda marehemu baba mwaka niliozaliwa. "Mti ukiondoka," alisema, "nami narudi kwetu Waa."

"Hakatwi mtu wala mti," nilisema. "Huyo ni ukukwi. Hana sumu."

"Umekiona kichwa?"

"Nimesoma, mjomba."

"Nimekuuliza kichwa."

Kichwa sikuwa nimekiona. Nilikuwa nimeona mkia tu, na mdomo wangu ulikuwa umetangulia.

Aliyeniokoa ni mama. Alijitanda leso, akasimama mbali kidogo na mti, akasema, "Assalamu alaikum. Ikiwa wewe si mdudu wa kawaida, twakuomba kwa jina la Mungu uondoke kwa amani. Tunakupa siku tatu." Kwetu nyoka wa nyumbani hauawi kabla ya ilani hiyo, huenda akawa jini aliyejigeuza. Mjomba, pamoja na ukali wake wote, aliliegemeza shoka ukutani.

"Siku tatu," aliniambia. "Ya nne nakata."

Nilizitumia vizuri. Niliazima darubini kwa mwenzangu anayetembeza wageni Diani, ngazi kwa fundi wa makuti, na kitabu cha nyoka chenye picha kwa mwalimu mstaafu wa Ukunda. Nikawaahidi wote watatu kuwa watakula korosho za mti huo huo. Ngazi niliiegemeza kwenye tangi la maji, mbali na matawi, nikapanda. Siku ya kwanza niliona kunguru. Ya pili mvua ilinyesha kutwa. Ya tatu, baada ya Alasiri, akatoka.

Niliinua darubini kwa pupa hata ikanigonga pua. Mwembamba kama kidole changu cha shahada. Madoadoa meusi mgongoni. Kichwa kidogo, jicho kubwa la duara. Yule mwenye sumu kitabuni alikuwa mnene, kichwa kirefu, jicho dogo, kijani kitupu bila doa hata moja. Nilisoma ukurasa ule mara tatu nikiwa juu ya ngazi, kisha nikashuka, nikamwita mjomba na kumpa darubini.

Alikunja kikoi, akapanda, akatazama muda mrefu. Nyoka alimnasa mjusi akaanza kummeza.

"Ana madoa," alisema mjomba.

"Mengi."

"Na hiyo diploma yako ilikuchukua miezi mingapi?"

"Kumi na minane."

"Si haba." Akashuka, akalichukua shoka lake, akaenda zake. Mshahara wa Arabuni haukuwahi kunifurahisha hivyo.

"Ameisikia ilani," alisema mama. "Amekuja kujieleza."

Msimu ulipofika mti ulizaa mpaka matawi yakainama. Mama alibangua na kukaanga, nami nikafunga vifurushi. Kwa siku moja nilifika Diani, kwa fundi na Ukunda, nikimsimulia kila mmoja kisa chote tangu mwanzo, na sikukifupisha. Kifurushi cha mwisho nilimpelekea mjomba, kwa kuwa naye alikuwa amenikopesha siku tatu za shoka lake.

Alitafuna moja, akatafuna ya pili.

"Chumvi imezidi," alisema, akakiweka kifurushi mfukoni.