Kabati Lililotoa Jasho

Asubuhi za Nyeri, kabla jua halijavuka mabega ya mlima, ukungu hushuka mtaani kwetu Majengo na kukaa katikati ya nyumba bila haraka yoyote. Ni katika ukungu huo nilipomwona mdogo wangu wa mwisho akienda. Shangazi alikuwa amemshika mkono mmoja, na kwa mkono wa pili mtoto alibeba mfuko wa plastiki wenye nguo zake zote. Walipofika kwenye kibanda cha kona sikuwaona tena. Nilibaki mlangoni nikisikiliza viatu vyake, vilivyokuwa vikubwa kuliko miguu, vikipigapiga chini mpaka navyo vikanyamaza.

Wazazi wetu walikuwa wamefuatana kaburini, baba kwanza, kisha mama. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Watu wa ukoo walikuja chumbani mwetu, wakanywa chai, wakaanza kutugawa. Nilisema hapana. Nitaacha shule, nitafanya kazi, tutabaki hapa hapa. Waliniachia ndugu yangu wa kati, lakini huyu wa mwisho, msichana, walisema ni mdogo mno. Angeenda Timau kwa shangazi mpaka nitakapopata kazi ya kueleweka. Maneno hayo nilikaa nayo miaka mingi. Nilikuwa nikiamka nayo, nikifua nguo nayo. Kazi ya kueleweka ilikuwa ipi?

Niliyoipata ilikuwa kufagia vumbi la chuma katika karakana moja nyuma ya magereji ya mjini. Walitengeneza mageti, fremu za madirisha na vitanda vya shule za bweni. Nilifagia nikitazama. Baadaye nikashika brashi ya rangi, halafu mashine ya kukunja bati, na mwishowe nikapewa miwani myeusi na kifaa cha kuchomelea. Mpaka leo napenda ile dakika ya kwanza, giza la miwani linapofunika kila kitu na mwanga wa buluu kuzaliwa penye ncha. Hapo hakuna karakana wala Nyeri. Kuna mstari mmoja tu wa moto unaotembea polepole, na wewe unatembea nao.

Mdogo wangu alikulia Timau, upande ule mwingine wa mlima, kwenye mashamba ya ngano. Nilikwenda kumwona nilipoweza. Kila nilipokwenda alikuwa amerefuka, na Kiswahili chake kimechukua mkunjo wa Kimeru, na mimi nikimcheka naye akinicheka. Alipokua alifanya kazi kwenye mashamba ya maua, kisha akajinunulia pikipiki ya stima, ile isiyotumia petroli, na kuanza kusambaza maziwa na mayai madukani. Lakini nyumbani hakuja.

"Matatu ziko," nilimwambia mara nyingi kwa simu.

"Ziko, dada. Lakini nikija na matatu nitafika kama mgeni, na mfuko mkononi. Hivyo ndivyo nilitoka. Nataka nije kama mtu anarudi kutoka kazi."

"Basi njoo na hiyo pikipiki yako."

"Chaji inaniishia Nanyuki. Nikitoka hapo nitaisukuma mpaka Majengo?"

Kulikuwa na mahali pamoja tu pa kuchaji pale Timau, waya uliotokea dirishani mwa duka la vifaa vya ujenzi. Toka Nanyuki mpaka Nyeri hapakuwa na kitu.

Ndiyo maana, siku mwenye karakana alipotukusanya na kutuambia kuhusu sharti jipya, mimi nilisikia jambo ambalo wenzangu hawakulisikia. Kuna kampuni, alisema, inataka kuweka vituo vya kuchaji pikipiki za stima katika miji yote inayouzunguka mlima. Ilikuwa imezoea kuagiza kila kitu kutoka nje. Sasa imeambiwa na serikali kwamba sehemu kubwa ya kila kituo lazima itengenezwe hapa nchini, na si kufungwa skrubu tu. Chaja yenyewe, ile yenye vifaa vya umeme ndani, bado ingetoka ng'ambo. Kabati, mlango, kofia ya kuzuia mvua, miguu na vishikio vya nyaya vingekuwa vyetu.

"Tutaanza na moja ya majaribio," alisema. "Itawekwa Timau. Ikifaulu, zingine zote ni zetu. Ikikataa, wataomba ruhusa walete za nje, na sisi turudi kwa vitanda."

Nilisikia Timau, nikasikia miji yote inayouzunguka mlima. Nikaona Nanyuki, Naro Moru na Kiganjo, kila mji na taa yake ndogo ya kijani, na pikipiki moja ikipita kutoka taa hadi taa mpaka mlangoni kwangu.

Mkaguzi wa serikali alikuja kutuona tukifanya kazi. Alikuwa mama mmoja mwenye sweta nzito, mpole, asiyependa maneno mengi. Tulimwonyesha kabati likiwa bado halijapakwa rangi. Alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akaniuliza mimi niliyekuwa karibu, "Wewe, mkono wako uko wapi hapa?"

Nilifikiri anatania. Kisha nikaona kwamba anasubiri. Nikamwonyesha kona niliyoikunja, mshono nilioupitisha chini ya kofia, na bawaba za mlango nilizozichomelea. Alipitisha kidole juu ya kila mshono, taratibu, hata nikaona aibu kana kwamba ananigusa mimi. "Basi hii ni ya hapa," alisema, akaomba chai.

Mchoro tuliopewa ulikuwa na matundu membamba sehemu mbili: chini kabisa ya kabati, na juu, yakiwa yamejificha chini ya kofia. Tuliyakata kama ulivyosema mchoro. Halafu tukayatazama, na hatukuyapenda. Sisi ni watu wa mvua. Mvua ya kwetu haianguki tu, hupigwa na upepo ikaingia hata chini ya mlango. Na siafu je? Siafu wakisikia joto ndani ya kitu hawaulizi njia. Mwenye karakana alikuna kidevu akasema, "Huyu aliyechora anaishi Nairobi. Ziba." Nilizungusha mpira ukingoni mwa mlango, nikaziba kila tundu kwa gundi ya silikoni, nikapaka rangi juu yake. Lilipokwisha ungeweza kulitupa mtoni lisiingize tone. Tulijivuna. Nilipolitazama likipakiwa kwenye lori niliona kitu salama kabisa, kitu ambacho hakuna baridi itakayokifikia.

Haukupita muda mrefu simu ikaja. Kabati lina maji ndani. Chaja imejizima yenyewe. Mtu wa kampuni alikuwa amepiga picha ya matone kwenye dari la kabati, na alisema atarudi kesho kutwa. Akikuta maji tena, ataandika kwamba letu limeshindwa.

"Nenda wewe," mwenye karakana aliniambia. "Mlango uliufunga wewe. Tafuta mvua inapoingilia."

Nilifika Timau mchana. Mdogo wangu alikuwa ameegesha pikipiki yake kando ya kabati, helmeti kichwani, mikono kiunoni, pamoja na madereva wengine wawili waliokuwa wamekuja kuchaji na kukuta hakuna kitu.

"Huyu ndiye fundi?" mmoja aliuliza.

"Ni dada yangu," alisema mdogo wangu. "Na mchunge mdomo, anashika moto na mkono."

"Basi mwambie hii jokofu yenu haitoi barafu. Inatoa maji tu."

Walicheka, nami nikacheka kidogo. Nilizima swichi kubwa, nikafungua mlango, nikakausha ndani kwa kitambaa mpaka pakawa pakavu kama sahani. Nikafunga. Tuliazima ndoo tukamwagia kabati maji juu, ubavuni na kwenye ukingo wa mlango. Nilipofungua, ndani palikuwa pakavu. Tukamwaga tena. Pakavu. Basi maji yale yaliingilia wapi? Jua lilikuwa likiteremka juu ya ngano, na ngano yote ilikuwa ikiyumba upande mmoja, na mimi nimesimama na kitambaa kilicholowa nikiona zile taa zangu ndogo zikizimika, ya Nanyuki, ya Naro Moru, ya Kiganjo. Niliwasha tena chaja ili madereva wapate kidogo, nikaenda kulala kwa mdogo wangu.

Asubuhi nilipoamka yeye alikuwa ameshapika chapati. Nje kulikuwa na baridi ile ya Timau inayouma masikio, na mlima ulikuwa umetokea wote, mweupe juu, karibu sana, kama uliosogea wakati tumelala. Alitoa chapati ya mwisho kwenye moto, akaiweka juu ya zingine ndani ya chombo cha kutunzia joto. Mimi, kwa mazoea ya kutunza, nikachukua kifuniko nikakibana.

"Wacha, dada!" Alikiondoa, akakigeuza. Upande wa ndani ulikuwa tayari umejaa matone. "Unazifungia na jasho yake? Zitakuwa uji."

Alikirudisha kifuniko kikiwa kimeegemea upande mmoja, na mvuke ukatoka pale penye mwanya, mwembamba, ukapanda taratibu mpaka dirishani. Niliutazama. Nadhani niliutazama muda mrefu, kwa sababu aliniuliza kama ninaumwa.

"Hakuna mvua iliyoingia," nilisema.

"Wapi?"

"Kwenye kabati. Asubuhi mnafungua mlango kuchukua waya, ukungu unaingia. Mnafunga. Chaja inapata moto mchana kutwa. Jioni baridi inashuka, na ule unyevu hauna pa kutokea. Ni jasho."

Alikunja chapati akanipa mkononi. "Basi kula haraka twende."

Nilimpigia mwenye karakana tukiwa njiani, nikamwambia nazibua matundu yote.

"Na mvua?"

"Juu kuna kofia. Na chini, mvua haitoki ardhini."

"Na siafu?"

"Nitaweka wavu."

"Mimi ndiye nilisema mzibe, si ndio?" alisema. Nikamwambia tulisema sote. Ilikuwa kweli.

Nilizima swichi, nikakwangua silikoni yangu mwenyewe kwa kisu. Ilikuwa imeshika vizuri, ikatoka kwa vipande virefu vyenye rangi juu yake. Mdogo wangu alishikilia wavu nami nikaufunga kwa ndani. Alikuwa na mikono ya mama, mipana kwenye vifundo. Miaka yote hiyo sikuwa nimeitazama mikono yake ikifanya kazi. Aliishika bisibisi bila kuuliza inashikwaje, akapitisha kidole kwenye mshono wangu wa kona kama alivyofanya yule mama mkaguzi.

"Hii ni wewe?"

"Ni mimi."

"Iko sawa."

Siku iliyofuata mtu wa kampuni alikuja mapema, ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Madereva walisimama pembeni wakipuliza viganja. Nilimpa ufunguo afungue mwenyewe. Aliingiza mkono juu, akalipapasa dari lote, akautoa na kuutazama. Ulikuwa mkavu. Alitazama chini kwenye matundu, akanitazama mimi.

"Kumbe mlikuwa mmeziba haya? Mlidhani tuliyachora ya urembo?"

"Tulidhani tunalitunza," nilisema.

Alicheka mpaka madereva wakacheka. Halafu akachomeka waya kwenye pikipiki ya mdogo wangu, na ile taa ya kijani ikawaka, ndogo, ikielea ndani ya ukungu.

Makabati mengine tuliyatengeneza mwaka ule. Nilikunja kona zake, nikakata matundu na kuyaacha wazi. Moja likaenda Nanyuki, lingine Naro Moru, lingine likawekwa karibu na stendi ya hapa mjini. Kazi ilikuwa imeeleweka sasa. Ndugu yetu wa kati alikuwa ameshahamia kwake, nami nikakodi chumba cha pili kando ya changu, nikaweka kitanda, nikampigia mdogo wangu simu nikamwambia kimeshakuwa tayari, arudi akae.

"Dada, niko na wateja huku. Shangazi naye amezeeka, nani atamwangalia?"

Nilitaka kusema mengi. Nilitazama kile chumba, kitanda kimetandikwa, dirisha nimelifunga vizuri vumbi lisiingie. Nikaenda nikalifungua.

"Basi njoo ukiweza," nilisema. "Na ukitaka kuondoka, nenda."

Ilikuwa Jumapili, siku aliyosema atakuja. Nilikuwa nimekaa mlangoni tangu asubuhi nikichagua mchele, huku nimetega sikio barabarani. Kila pikipiki iliyonguruma iliniinua kichwa, na kila moja ilipita. Ukungu ulikuwa umechelewa kuondoka siku ile. Nikafumba macho nisikie vizuri zaidi, na nadhani nilisinzia, kwa sababu niliviona vile viatu vikubwa vikija kutoka kwenye kibanda cha kona, bila sauti yoyote.

Nilipofumbua, pikipiki ilikuwa imeshasimama mbele yangu. Nilikuwa nimesahau kwamba za stima hazingurumi. Mdogo wangu alikuwa akivua helmeti, uso umejaa vumbi la njiani, mikono mitupu. Alinipita mlangoni, akaitundika helmeti kwenye msumari ambao baba alikuwa akitundikia koti atokapo kazini, akajitupa kwenye kiti.

"Nimechoka," alisema. "Dada, chakula iko?"