Papadi Juu ya Vioo vya Serikali

"Wakishakufungia vile vioo vya umeme wa jua, paa si lako tena," alisema Champaben, mikono ikipepeta ngano na macho yakiwa ndani ya ungo. "Ni la serikali. Hurushi kishada, huaniki hata pilipili moja. Ukikanyaga tu, wenyewe wanakuona huko huko ofisini. Pesa wanakurudishia, sikatai. Na panya naye huwekewa kitu kitamu mtegoni."

Aliyasema kwa sauti ya kuvuka ukuta, maana huko ndiko yalikokuwa yakienda.

Alpa, mke wa mwanawe, alikuwa ameketi hapo hapo juu ya paa, kwenye kivuli chembamba cha tangi la maji, akimnyonyesha Dhruvi. Tangu aolewe katika nyumba hii, hapa mjini Gondal, alijua kwamba maneno ya asubuhi ya mama mkwe wake hayakuwa ya kwake. Yeye alikuwa mfereji tu. Maji yalikuwa ya shamba la jirani.

Ng'ambo ya ukuta usiofika kiunoni, jirani alijibu bila kumtaja mtu. Alisema na mitungi yake.

"Mnasikia, wanangu? Kuna mapaa hayajawahi kuanikwa kitu ila ulimi."

Alpa aliinamisha uso ili kicheko chake kimwangukie mtoto.

Jirani huyo ndiye Labhuben. Aliingia mtaa huu akiwa bibi harusi aliyefunikwa uso, asiyejua hata rangi ya mlango wake. Mumewe alikuwa mpakizi wa magunia kwenye soko la pilipili. Alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Kirit, na nyumba ambayo zege la paa lake lilikuwa limekauka mwaka huo huo. Watu wa rambirambi walipokwenda zao, Labhuben alipanda ngazi kutafuta mahali pa kulia asionekane. Huko juu akakuta jua tele limekaa bure, halina mwenyewe. Hakupita muda akapandisha mtungi mmoja.

Ndani ya mtungi kulikuwa na embe mbichi zilizokunwa, sukari na chumvi. Akaufunga mdomo wa mtungi kwa kitambaa chepesi cha melimeli, akauachia jua. Achari hiyo haijui moto. Jua ndilo linaloyeyusha sukari. Jioni mtungi huingizwa ndani, asubuhi hurudishwa, mpaka shira inakuwa nzito kama asali, ndipo inapotiwa pilipili na bizari. Kabla ya embe kuna papadi, zile chapati nyembamba za unga wa choroko zinazokaushwa juani, baada ya embe kuna mvua, na mvua ndiyo likizo. Mtungi mmoja ukazaa mingine. Kirit alisomeshwa kwa achari, akaozwa mke kwa achari, na mitungi mingine ikasafiri ndani ya masanduku ya watu hadi Nairobi na London. Siku hizi jiko la chini ni la mke wa Kirit. Labhuben mwenyewe alimwachia, akisema mwiko mmoja haushikwi na mikono miwili. Lakini juu palikuwa pake.

Yeye na Champaben waliwahi kuwa mashoga wa kuazimana chumvi. Ilitosha harusi moja. Champaben, mdomo ukiwa umejaa, alisema mbele za watu kwamba achari ya Labhuben imetiwa sukari nyingi ili kuficha embe mbovu. Tangu hapo hawasemeshani, ingawa haipiti siku wasisikizane.

Sasa, ule uvumi wa Champaben ulikuwa na mguu mmoja wa kweli. Serikali ilikuwa inawarudishia watu sehemu kubwa ya gharama wakifunga umeme wa jua majumbani mwao. Kirit alilisikia jambo hilo kwenye kinu cha mafuta ya karanga anakofanya kazi, akarudi nyumbani kama mtu aliyeokota pete ya dhahabu. Siku ya pili akaja na fundi, kijana mpole aitwaye Imtiyaz. Imtiyaz alilizunguka paa, akatazama kusini, akatazama tangi, kisha akaenda kusimama katikati ya mitungi.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo jua linapokaa kutwa."

"Najua," alisema Labhuben. "Mimi ndiye niliyelipa kiti."

Kirit akacheka ili mama yake acheke. Hakucheka.

"Ba," alimbembeleza mama yake, "ruzuku anapewa mwenye jina kwenye mita. Mita iliandikwa jina lako baba alipofariki. Bila sahihi yako hatupati kitu."

"Jua hili ndilo lililokulea, Kirit. Leo serikali inilipe nilifunike?"

"Hulifuniki, Ba. Unalivuna."

"Nimelivuna kabla hujaota meno."

Fundi akakunja utepe wake wa kupimia, akaaga. Champaben alifurahi wiki nzima, akapika hata halua.

Lakini Alpa aliona kitu ambacho mama mkwe wake hakukiona. Joto lilikuwa limeanza kuuma. Nyumba ya Labhuben ina uwazi kwenye paa, karibu na ule ukuta, wa kuingizia mwanga, na mchana mmoja, akihangaika kumbembeleza Dhruvi, Alpa aliangalia chini kupitia uwazi ule. Feni ya maji, ile ya kupoza nyumba, ilikuwa imezimwa. Kirit huizima mchana kwa kuogopa bili. Mkewe, mja mzito, alikuwa amelala sakafuni, shavu likiwa kwenye jiwe. Na Labhuben, yule mwenye ulimi wa kukata chuma, alikuwa amepiga magoti na ndoo, akimwaga maji sakafuni kidogo kidogo, kumzunguka mkwe wake, asimwamshe.

Jioni hiyo sauti yake ilisikika mpaka njiani. "Kirit! Lete hiyo karatasi yako. Na fundi mwambie aviwekee miguu mirefu hivyo vioo. Siinami kwenye paa langu mwenyewe."

Basi vikafungwa. Upande wa mbele vilifika kifuani pa mtu, upande wa nyuma mtu alipita bila kuinama, na chini yake ukatandazika uvuli mkubwa, wa baridi. Kirit alikopa kinuni kumlipa fundi, akitumainia fedha za serikali. Na hizo hazitoki mpaka mkaguzi wa umeme aje, aone, aridhike. Asiporidhika, deni litamlala Kirit kifuani huku mtoto yuko njiani.

Labhuben alivitazama vile vioo siku kadhaa. Alpa alimwona akigusa kimoja kwa kidole, akikivuta kidole haraka, kisha akitabasamu. Vilikuwa laini, vyeusi, vya moto kama chuma cha chapati. Kulipokucha, papadi zilikuwa zimelala juu yake safu kwa safu, za manjano juu ya weusi. Zilipendeza hasa.

"Masi," Alpa alinong'ona juu ya ukuta. Ndivyo alivyomwita, kama mtu anavyomwita mama yake mdogo, ila alimwita wakati Champaben hayupo. "Hivyo inaruhusiwa?"

"Zinakauka kabla sijamaliza chai. Nani alisema paa si langu?"

Kirit naye, kila akitazama kwenye simu yake kipimo cha umeme, alikuta umepungua, akalaumu mawingu.

"Mawingu, wakati wa joto hili!" Champaben aliuambia ungo wake. "Labda ni mawingu ya choroko."

Hapo Alpa akajua kwamba mama mkwe wake ameona, na kwamba hajamwambia mtu.

Mkaguzi alikuja bila kupiga hodi kwa simu. Alpa alikuwa ukingoni mwa paa akianua nepi, Dhruvi kiunoni, alipoiona skuta ikisimama chini, na mtu mnene mwenye faili kwapani na taulo kichwani akimwuliza Champaben, aliyekuwa kizingitini, "Mama, kwa Kirit mwenye sola ni wapi?"

Alpa aligeuka. Vioo vyote vilikuwa vimejaa papadi. "Masi! Mkaguzi yuko mlangoni!"

Labhuben alisimama na papadi moja mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Alpa alikuwa hajawahi kumwona hivyo. Basi akamlaza Dhruvi kwenye kivuli cha tangi, akakunja sari, akauruka ukuta ambao hakuna mtu wa nyumba yake aliyeuruka tangu ile harusi.

Walibandua kama wezi. Zilizokauka zilitoka, mbichi zilinata. Na kutoka chini, Alpa akasikia ajabu.

"Kaa kwanza, sahibu, jua hili litakuua," Champaben alikuwa akisema. "Kunywa maji. Kunywa na chai. Hebu niambie, wewe ni mtu wa serikali: ni kweli mkishafunga vile vioo mnachukua paa?"

"Nani kakwambia, mama? Paa ni lao. Serikali inarudisha pesa, haichukui paa."

"Na vishada?"

"Warushe."

"Na pilipili?"

"Pilipili imefanya nini?"

"Si nauliza tu, sahibu. Ongeza sukari. Na kama nyumba ina wajane wawili?"

"Mama, nina nyumba nyingine za kwenda!"

Labhuben alisita, mikono ikiwa juu ya kioo. "Anamchelewesha," alisema polepole. "Champa anamchelewesha."

"Bandua, Masi!"

Mkaguzi alipofika juu akihema, vioo vilikuwa vitupu, na wanawake wawili walikuwa wamekaa juu ya kapu lililofunikwa shuka, kama wageni wa msiba. Alikagua nyaya, akakagua mita, akapiga picha. Kisha akazunguka upande wa mbele, akasimama. Kwenye pembe ya kioo cha mwisho kulikuwa na papadi moja. Akaibandua kwa ukucha.

"Hii haimo kwenye mchoro."

"Imeletwa na upepo," alisema Labhuben.

"Upepo wa huku una vidole."

Alpa alitazama kalamu iliyokuwa nyuma ya sikio la yule bwana, akamkumbuka mke wa Kirit na shavu lake juu ya jiwe.

"Mama," mkaguzi alisema, "kila papadi unayoweka hapa ni umeme unaoutupa. Mimi sipati hasara. Anayepata ni wewe, na huyo mwanao." Akaivuta kalamu, akaandika, akafunga faili. "Vimefungwa sawasawa. Nimepitisha." Alifika ngazini, akageuka. "Ni ya choroko?"

"Ya choroko."

"Na pilipili?"

"Ya Gondal. Iko nyingine?"

Akaifunga ile papadi kwenye leso yake, akashuka nayo.

Pesa za serikali ziliingia kabla embe hazijajaa sokoni. Kirit alilipa kinu, feni ya maji ikanguruma kutwa, na mkewe akapanda kulala kitandani. Hata Champaben alianza kusema kwamba yeye ndiye aliyeuelewa mpango huo mwanzo kabisa, tena kwa mdomo wa mkaguzi mwenyewe.

Ila embe zilipokuja, Labhuben alizikuna, akajaza mitungi, akaipandisha, na mahali pake hapakuwepo. Ukanda mwembamba wa paa uliobaki ulipata jua la asubuhi tu, kisha uvuli wa vioo unauzoa. Alpa alimwona akiihamisha mitungi huku na huku kama kuku anayehamisha vifaranga. Alimwona akiinua melimeli na kuchovya kijiko, na shira ikidondoka kutoka kwenye kijiko kama maji ya bomba. Upande wa magharibi mawingu ya kwanza yalikwishaanza kujikusanya jioni. Mvua ikiwahi, mitungi yote itachacha.

Alpa alikuwa na lake pia. Kivuli cha tangi kilikuwa chembamba mno, na shingo ya Dhruvi ilikuwa nyekundu kwa harara. Nyumbani mtoto halali, maana kwao hakuna feni ya maji.

Siku moja kabla ya adhuhuri alipanda juu, akakuta Labhuben ameshafika ukutani, kiwiko juu ya matofali, akimngoja. Nyuma yake, kwenye bomba la chuma lililobeba vioo, alikuwa amening'iniza bembea ya kitambaa, ya mtoto mchanga. Ilikuwa ya Kirit zamani. Rangi yake ilikuwa imepauka, lakini mishono ilikuwa mipya. Upepo uliipunga taratibu mle uvulini.

"Alpa," alisema. Miaka yote alikuwa akimwita mke wa watu. Leo alimwita kwa jina. "Tazama paa lako. Jua limekaa bure, halina mwenyewe. Na mimi nina kivuli kikubwa kama cha hekalu, nimekaa ndani yake kama bundi. Nipe jua lako mpaka mvua. Mitungi yangu ikae kwako, mtoto alale kwangu. Nitamsukuma mwenyewe huku nakuna embe."

Alpa aliitazama bembea, akaitazama ngazi ya kwao. Kutoka chini ungo ulikuwa ukisikika, kisha ukanyamaza, kama ungo wa mtu anayetega sikio.

"Na Ba wa huku kwetu je?"

Labhuben alifuta jasho la juu ya mdomo kwa ncha ya sari. "Mimi nikimwomba atakataa, na atakuwa na haki ya kukataa. Niombee wewe. Mwambie mtungi wa kwanza kuiva ni wake. Aufungue mwenyewe, na akikuta humo kipande kimoja cha embe bovu, aniite mbele ya mtaa mzima. Nitakuja."