Tulia, Nisikukate

Kwa miaka yote aliyonyoa watu, kinyozi huyu alikuwa na sentensi moja ya kazi. Mteja akishapakwa povu na kulaza kichwa nyuma, yeye hushika wembe, akamwinua kidevu kwa kidole na kusema, "Tulia, nisikukate." Aliwaambia hivyo mabwana harusi, akamwambia hata baba mkwe wake. Watu wakambatiza jina la Tulia, naye akaitika.

Jioni moja, akiwa anasafisha wembe, mwizi aliingia akamkaba shingo kwa nyuma. Kinyozi alipapatika, na mdomo wake ukatoa kile ulichozoea kutoa: "Tulia, nisikukate!" Mwizi hakutulia. Alitoka mbio na mkono uliochanika kwa wembe, akaenda kushtaki, na kesho yake aliyekamatwa ni kinyozi.

Jirani yake, fundi viatu, alikuwa amesikia kila neno kupitia ukuta wa mabati. Aliitwa mahakamani akasema alichosikia. Ni mtu mkweli, ndiyo shida yake.

"Mshtakiwa aliwahi kutamka maneno hayo kabla ya siku hiyo?" mwendesha mashtaka akamuuliza.

"Kila siku," fundi viatu akajibu. "Hata mimi huniambia."

Mwendesha mashtaka akakaa chini ameridhika. Kinyozi akasota rumande kama mtu wa vitisho vya kila siku, mpaka hakimu alipoamua kwamba aliyekabwa ana haki ya kujitetea, akamwachia huru.

Wateja walirudi, lakini kwa mashine tu. Ukigusa wembe, kila mmoja anadai anafuga ndevu. Mtaa mzima ukaota ndevu, wakiwemo watu ambao zilikuwa haziwapendezi hata kidogo. Jina la Tulia nalo wakaliacha, wakachukua nusu iliyobaki: Nisikukate. Lilimuuma sana. Hakutamani makubwa, alitamani mtu mmoja tu wa kumlazia shingo bila wasiwasi.

Ndipo akaja wakili kijana, mwenye koti na ndevu changa.

"Mzee, kuna muswada bungeni. Mtu akishtakiwa kwa kujitetea, kisha akaonekana hana hatia, serikali imlipe fidia. Tunatafuta watu wa kwenda kueleza yaliyowapata. Wewe ulipoteza nini?"

"Wateja wa wembe."

"Hao wanalipika."

"Na jina."

"Hilo litajadiliwa."

"Na sentensi yangu. Nikiisema, mteja anakimbia. Nikinyamaza, anaogopa zaidi."

Wakili akakuna ndevu. Alikiri kwamba muswada haukuwa na kifungu cha sentensi.

"Basi keti nikunyoe," kinyozi akamwambia. "Bure."

Wakili akakumbuka kwamba ana kikao.

Fundi viatu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Tangu siku ya ushahidi hakuwa amevuka kizingiti kile, kwa aibu wala si kwa woga, na ndevu zake zilikuwa zimefika kifuani. Sasa alimpita wakili, akaketi, akalaza kichwa nyuma. Kinyozi akamfunga kitambaa. Akampunguza ndevu kwa mkasi, akampaka povu, akashika wembe. Kisha akasimama pale, wembe uko juu, kimya.

"Sema basi," fundi viatu akasema.

"Na ukiitwa tena?"

"Nitasema ukweli."

"Ndicho ninachoogopa."

"Safari hii nitasema nilikuwa kwenye kiti."

Kinyozi macho yalimjaa machozi, akayapangusa kwa mgongo wa mkono, maana kunyoa huku huoni ni kutafuta kesi nyingine.

"Tulia," akasema, akaishia hapo. Fundi viatu akainua kidevu mwenyewe, akangoja.

"Nisikukate."

Fundi viatu akatulia.